Si Kila Kifungo cha Zamani ni cha Mjerumani: Utatuzi wa Matatizo kwa Wakusanyaji wa Vifungo na Vifaa vya Kushonea Tanga

Tanga kila kilichozeeka ni cha Mjerumani. Nyumba ya Mjerumani, daraja la Mjerumani, hata mwembe wa Mjerumani. Mwonyeshe mzee wa barazani kifungo cha shaba, atakitazama mara moja tu kisha akwambie, "Hiki cha Mjerumani, mwanangu, usikiachie." Lakini Mjerumani alitolewa Tanga Julai 1916. Waingereza walikaa hadi 1961, wafanyabiashara wa Kihindi walishusha vitambaa na cherehani hapa miaka yote hiyo, na vizibao vilivaliwa pwani hii kabla ya Mzungu yeyote kujenga boma. Kwa hiyo vifungo vingi vinavyotoka kwenye makopo ya mafundi wa Ngamiani havina uhusiano wowote na Kaisari wa Ujerumani. Maelezo haya ni ya mtu anayetaka kujua vina uhusiano na nani, na mbona vinaharibika kabatini.

Vifaa unavyohitaji ni sumaku (hata ya spika mbovu), kioo cha kukuzia, tochi ya simu, kikombe cha maji ya moto na kitambaa cha pamba. Halafu kuna masharti mawili yanayohusu kila tatizo hapa chini. Kwanza, geuza kifungo. Uso hutengenezwa umpendeze mnunuzi na ni rahisi kuigwa, lakini mgongoni ndiko kiwanda kilikoacha jina, kitanzi na alama za kalibu. Pili, usisafishe kabla hujasoma.

Kifungo cha shaba kina taji, na kila mtu anasema ni cha jeshi la Mjerumani

Hili ndilo tatizo linaloongoza, na karibu kila mara chanzo chake ni kwamba mtu ameliona taji akaishia hapo. Liangalie umbo.

Taji la Uingereza lina matao yanayokutana juu, na ndani yake kofia ya kitambaa. Matao yakipanda kwa mviringo mpaka kileleni, bila kubonyea, hilo ni taji la Tudor, lililotumika kwenye sare kuanzia utawala wa Edward VII mwaka 1901 hadi George VI alipofariki 1952. Matao yakibonyea katikati pale yanapokutana, hilo ni taji la Mtakatifu Edward, la enzi za Elizabeth II. Yaani kwa kutazama milimita mbili za shaba unajua kifungo kiko upande gani wa mwaka 1953 hivi. Mfalme Charles III amelirudisha lile la Tudor, lakini kifungo chake bado kipya mno kukudanganya.

Taji la Kaisari wa Ujerumani ni jingine kabisa. Limejengwa kwa vibati vilivyosimama wima kwa duara, na kwenye michoro mara nyingi lina riboni mbili zinazoning'inia pembeni. Ukiona hilo, basi mzee wa barazani leo kapatia. Mgongoni tafuta maneno ya Kijerumani. "Extra Fein" ni ya kawaida kwenye vifungo vya huko, ila yanakutajia ubora tu, hayakwambii ni vya nani wala vya mwaka gani.

Vifungo vya Kiingereza huwa na jina la mtengenezaji kuzunguka kitanzi: Firmin wa London, J.R. Gaunt, Smith & Wright wa Birmingham. Herufi ni ndogo na zimejaa uchafu. Usizikwangue. Ilaze tochi ya simu karibu sawa na meza, mwanga upite juu ya chuma kwa pembeni, na maandishi yatajitokeza kwa vivuli vyake. Mbinu hii imewahi kuokoa jina ambalo mwenye kifungo alikuwa ameshachukua brashi ya waya kulitafuta.

Dalili nyingine zinazokata mzizi wa fitina haraka:

Simba na farasi mwenye pembe moja wakishikilia ngao ni nembo ya ufalme wa Uingereza, na vifungo vya aina hiyo vilishonwa kwenye sare nyingi mno kiasi kwamba haviwezi kukutajia kikosi. Kichwa cha twiga kilikuwa nembo ya Tanganyika chini ya Waingereza, kwa hiyo kifungo cha twiga hakiwezi kuwa cha kabla yao. K.A.R. ni King's African Rifles, jeshi lililoundwa 1902 na ambalo vijana wengi wa pwani na bara walilitumikia. Kikosi chake cha hapa ndicho kilichogeuka Tanganyika Rifles wakati wa uhuru. E.A.R. & H. ni reli na bandari za Afrika Mashariki, shirika lililoanza 1948. Hivi vya reli ndivyo vinavyoitwa vya Mjerumani kuliko vyote, pengine kwa sababu reli yenyewe ya Tanga kweli aliianza yeye.

Na kikiwa chepesi, kinang'aa dhahabu isiyofifia hata kikikaa miaka kwenye chumvi ya bahari? Hiyo si shaba. Ni alumini iliyotiwa rangi kwa umeme, ya miaka ya 1950 kuja huku. Kikinaswa na sumaku, ni bati la chuma lililopakwa shaba, nacho pia mara nyingi ni cha karibuni.

Kwa wale wanaouliza kuhusu Raskazone: ndiyo, majeshi ya Uingereza na ya India yalishuka pale Novemba 1914, na mapigano ya tarehe 3 hadi 5 yaliacha vyuma na watu ardhini. Usichimbe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali kwa uchimbaji wa namna hiyo, na kifungo kilichong'olewa udongoni bila kumbukumbu ya kilikolala kimeshapoteza nusu ya habari zake. Makopo ya mafundi yanatosha.

Kifungo ni cheupe, hujui ni lulumizi, kaure, mfupa au plastiki

Kiguse shavuni. Lulumizi, kaure na kioo ni baridi na vizito kuliko ulivyotarajia. Mfupa, pembe na plastiki hupata joto la ngozi upesi. Hapo umeshapunguza kazi nusu.

Katika vilivyo baridi, kisogeze polepole kwenye mwanga wa dirisha. Rangi zikitembea, kijani kikageuka waridi, na ukingo ukionyesha tabaka nyembamba, ni lulumizi, yaani gamba la chaza au konokono wa baharini. Mgongoni mara nyingi hubaki kipande cha ngozi ya nje ya gamba, kahawia na kisicho laini. Wauzaji wengine hukiona kasoro, kumbe ndicho cheti chake. Plastiki inayoiga lulumizi hung'aa sawasawa pande zote na mawimbi yake yamekaa kama yalivyomiminwa.

Kama ni cheupe tupu, kidogo, tundu nne, mfano wa vya mashati na foronya, geuza utafute vishimo vidogo mno na ukingo wa kalibu mgongoni. Hiyo ni kaure iliyogandamizwa ikiwa unga mkavu kisha ikachomwa, njia ambayo Richard Prosser aliipatia hataza Uingereza mwaka 1840. Baadaye Bapterosses alivitengeneza kwa wingi sana mjini Briare, Ufaransa. Wengi huviita vya kioo. Kioo hakina vile vishimo.

Vilivyo na joto vinataka kioo cha kukuzia. Mfupa una nukta au vijistari vyeusi vifupi, ambavyo ni njia za mishipa ya damu zilizojaa uchafu. Huvioni kwenye plastiki. Kuna pia vifungo vya kokwa la mti wa jamii ya mnazi wa Amerika Kusini uitwao tagua, na vya mkoma wetu huu huu, ambao Waitaliano waliutengenezea vifungo kule Eritrea. Hivyo vina nyuzi laini zilizopinda, na rangi iko juu tu: tafuta palipobanduka, utaona ndani ni rangi ya maziwa.

Kisha kuna kile ambacho hutaki kukipata. Kitu cheupe kilichokolea umanjano, laini, bila nukta, chenye mistari inayokatana kama wavu kwenye ncha yake, hicho ni pembe ya ndovu. Pwani hii ilisafirisha pembe nyingi, hivyo kichupa cha sindano au kastabini ya namna hiyo si ajabu ndani ya sanduku la bibi. Kuwa nayo bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, hata kama ni ya kurithi na hata kama ni ndogo. Usinunue, usiuze, usimtumie mtu nje ya nchi. Ukiikuta nyumbani, wasiliana na maofisa wa wanyamapori mapema kabla hujaanza kuizungusha mjini ukiulizia bei.

Vifungo vya plastiki vinanuka, vinapasuka, na vya chuma vilivyo karibu vimeota kijani

Kuna ushauri unaozunguka wa kuchoma kifungo kwa sindano ya moto ili ujue ni plastiki gani. Achana nao. Unaacha kovu, na selulodi, iliyotumika sana kuanzia miaka ya 1870, hushika moto ghafla.

Tumia maji ya moto. Chovya ukingo tu, hesabu tatu, toa, nusa papo hapo. Harufu ya kafuri ni selulodi, na kwa kuwa kafuri tunaijua wote hapa, hutakosea. Harufu kali ya dawa ya kuulia vijidudu hospitalini ni bakelaiti, ambayo Leo Baekeland aliivumbua Marekani mwaka 1907. Maziwa yaliyoungua ni kaseini, plastiki iliyotokana na maziwa kweli na kupewa hataza Ujerumani mwaka 1899. Hapo Mjerumani apewe haki yake. Harufu ya siki ni selulosi asetati. Kisiponuka chochote, inaelekea ni cha baada ya vita vya pili.

Kausha mara moja. Kaseini hasa haitaki maji: hunywa, huvimba, kisha hupasuka nyufa nyembamba uso mzima. Ukiona nyufa hizo kwenye kifungo kilichokuwa kizima, kwa kawaida mtu amekiloweka na sabuni usiku kucha.

Sasa ule ukijani. Selulodi ikianza kuoza hutoa gesi zenye asidi, na kwa joto na unyevu wa Tanga kazi hiyo huenda mbio. Gesi hula chuma kilicho jirani na kuozesha selulodi nyingine ndani ya kopo hilo hilo. Kifungo kimoja kinaweza kulimaliza kopo zima. Dalili za mwanzo ni jasho la kunata juu yake, ukungu ndani yake, na harufu inayochoma puani. Kitoe leo. Hakiponi. Vilivyobaki viweke mahali penye hewa, kwenye bahasha za karatasi, wala usivifungie kwenye mfuko wa plastiki au kopo la kahawa lenye mfuniko unaobana.

Vifungo vya lulumizi vimeota unga mweupe

Watu hudhani ni chumvi ya bahari. Kwa kawaida sivyo. Mbao, hasa mpya, na gundi za mbao za kubandika hutoa mvuke wa asidi ya siki, na gamba la baharini ni chokaa. Viwili hivyo vikikutana kwenye droo iliyofungwa wakati wa masika, unga hutokea, na chini yake gamba limeshaliwa. Futa kwa kitambaa chenye maji safi kidogo, kausha kwa upepo kivulini, na uvihamishie kwenye kasha la kadibodi nzuri au bati lililoachwa wazi kidogo. Siki na ndimu visikaribie kabisa lulumizi.

Shaba ina kutu ya kijani, na mama anasema tumia ukwaju

Mama anasema kweli kwa sinia na kwa birika. Ukwaju, au ndimu na majivu, hutoa kutu ya shaba vizuri kwa sababu asidi huiyeyusha. Ila kifungo cha sare mara nyingi kina utando mwembamba wa dhahabu juu ya shaba, na ukwaju hula shaba iliyo chini mpaka dhahabu ibanduke, huku majivu yakisaga jina lililoko mgongoni. Utapata kifungo kinachong'aa na kisichosema lolote.

Rangi ya kahawia iliyokolea, laini, iache ilivyo. Hiyo inakilinda. Kutu ya kijani yenye unga ndiyo adui: ing'oe kavu kwa kijiti cha meno cha mbao ukitazama kwa kioo, kisha paka oili ya cherehani tone moja na ufute yote. Kama kifungo kimeshonwa kwenye nguo, pitisha kadibodi iliyokatwa upenyo chini yake kabla hujaanza.

Kastabini ya fedha inanaswa na sumaku

Fedha hainaswi, kwa hiyo wengi huitupa wakidhani wamepigwa. Subiri. Charles Horner wa Halifax, Uingereza, aliipatia hataza mwaka 1884 kastabini yenye chuma kigumu katikati na fedha juu na chini, ili sindano isiitoboe. Inaitwa Dorcas, na neno hilo mara nyingi limeandikwa ukingoni. Kwa kuwa ndani kuna chuma, haikugongwa mhuri wa fedha, na ukosefu huo si dalili ya uongo. Nambari peke yake, 7 au 15, ni saizi ya kidole wala si kiwango cha fedha.

Ikiwa ya fedha tupu, mhuri hukutajia mji: nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London, upanga na miganda ya ngano ni Chester. Taji kwenye fedha ni Sheffield ya zamani, si la Kaisari.

Mikasi imeandikwa jina la nchi tu

"Germany" ni ya baada ya 1887, Uingereza ilipotunga sheria ya kulazimisha bidhaa za nje zitaje zilikotoka, na huenda iliingia hapa mikononi mwa Mwingereza. "West Germany" ni baada ya 1949. "Czechoslovakia" ni baada ya 1918. "Occupied Japan" ni kati ya 1945 na 1952. Solingen na Sheffield ni miji, na mikasi yake inatengenezwa mpaka leo.

Cherehani ya Singer: mtu anasema ina miaka mia na hamsini, mwingine anatoa mamilioni

Tafuta nambari iliyogongwa kwenye chuma upande wa kulia, chini ya gurudumu. Nambari tupu bila herufi ni ya kabla ya mwaka 1900 hivi. Herufi moja kama F au Y, au mbili zinazoanza na E, ni za kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kilichofungwa 1980. Nyingi za hapa ni hizi. Ukiona C, hiyo ilitengenezwa Wittenberge, Ujerumani, na unaweza kwenda barazani kichwa juu. Beji yenye miaka 1851 na 1951 ni ya sherehe ya kampuni kutimiza miaka mia. Haisemi kwamba cherehani ni ya 1851, ingawa inauzwa hivyo kila siku.

Zile zenye nembo ya kipepeo ni za China, nyingi zimefuata umbo la Singer ya modeli ya 15. Ni imara na ninazipenda, lakini si za ukoloni.

Anayetoa mamilioni anatafuta "zebaki nyekundu", kitu cha kubuni kinachodaiwa kufichwa ndani ya cherehani za zamani. Uvumi huu uliwasha masoko ya Saudi Arabia mwaka 2009, watu wakizipima Singer kwa simu za mkononi na bei zikapanda kwa kishindo, kumbe ni utapeli. Ndani ya cherehani hakuna zebaki. Dalili ya tapeli ni hii: hajali nambari, hajali kama inashona, na kabla hajalipa anataka wewe utoe kwanza hela ya "kipimo".

Gurudumu halizunguki, au linazunguka na sindano haishuki

Likizunguka bure, kaza skrubu kubwa iliyo katikati ya gurudumu. Mtu aliilegeza akijaza bobini akasahau.

Likigoma kabisa, mara chache ni kutu. Ni mafuta ya nazi au ya kupikia yaliyotiwa miaka iliyopita yakakauka kama gundi. Tia mafuta ya taa matone machache kila tundu, acha mpaka kesho, kisha tikisa gurudumu mbele na nyuma bila nguvu. Likiachia, tia oili ya cherehani yenyewe ili mafuta ya taa yatoke. Usiruhusu mafuta ya taa wala spiriti kugusa maandishi ya dhahabu, kwani spiriti huyeyusha vanishi iliyoyafunika na herufi zinatoka na kitambaa.

Likizunguka nusu na kusimama pale pale kila mara, acha mafuta. Fungua kibati cha chini ya sindano, toa bobini, mulika tochi: utakuta uzi umejisokota nyuma ya kiti cha bobini. Ukate vipande vidogo kwa wembe, uvute kwa kibanio kimoja kimoja huku ukirudisha gurudumu nyuma kidogo.